Mwenge wa Mkono wa Kushoto

Lienhard Stöckl alikuwa fundi wa kuchonga mbao za kuchapia picha, katika mji mdogo kando ya mto Danubi. Ghala la nafaka lilipoungua, mchapaji alimwagiza picha upesi: Apollonia, mjane mpika bia, akilitia moto. Nani aliwasha hasa, hakuna aliyejua. Ulikuwa uvumi tu. Lakini karatasi za habari za namna ile huuzwa habari ikiwa bado moto, naye akamchonga mjane na mwenge katika mkono wa kulia. Kwa haraka zake akasahau kwamba ubao ukichapwa picha hugeuka. Karatasi zikatoka, mwenge uko kushoto. Akacheka, akasema nani atatazama mkono.

Siku ya kesi, Daktari Kettner, wakili wa mwenye ghala, aliinua karatasi ile mbele ya mahakimu. Hakuiita ushahidi. Aliwaomba tu waitazame huku yeye akizungumza, maana sikio husahau, jicho halisahau. Kisha wakaja mashahidi wawili, wakaapa kwamba walimwona mjane kwa macho yao.

"Mwenge aliushika vipi?" wa kwanza akaulizwa.

"Kwa kushoto, waheshimiwa. Nilimwona kama ninavyowaona nyinyi."

Wa pili akasema vivyo hivyo. Lienhard, aliyesimama nyuma, alihisi uso ukiwaka. Watu wale hawakumwona mjane. Waliona kosa lake yeye fundi, kwenye karatasi. Neno moja lingetosha. Lakini kulisema mbele ya mji mzima ni kukiri kwamba fundi wa miaka thelathini amesahau jambo la kwanza afundishwalo mwanagenzi. Akalimeza. Apollonia akachapwa viboko, akafukuzwa mjini.

Siku ya tatu ndipo Lienhard alipompelekea hakimu mkuu ule ubao. Hakimu akaulinganisha na karatasi, akaelewa mashahidi waliutoa wapi mkono wa kushoto.

"Umechelewa, fundi. Mgongo uliochapwa haufutiki."

Hukumu ikafutwa. Lienhard akavuka mto kwenda kumwambia Apollonia mwenyewe, akamkuta kwa dada yake, amelala kifudifudi. Akamweleza yote bila kujipunguzia. Apollonia alimsikiliza hadi mwisho.

"Siku ile mahakamani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma, karibu na mlango."

Apollonia akageuza uso ukutani. Lienhard alibaki pale na kofia yake mkononi, hajui aondoke au akae, mpaka dada mtu alipomwambia, kwa upole, kwamba ng'ombe wanangoja kukamuliwa naye amesimama njiani.