Ng'ombe 143 Nyuma ya Mstari Usioonekana

Bosi wangu Maren Kowalchuk anaitwa Ndama na bonde zima, na kajitakia mwenyewe. Kwenye maonyesho ya kilimo alikuwa anawanadia wafugaji mkanda wetu wa shingoni. Unachora mpaka kwenye simu. Ng'ombe akiukaribia, mkanda unalia, aking'ang'ania unamfinya kwa umeme kidogo. Waya hamna, nguzo hamna.

Mzee mmoja akauliza, "Unauma?"

"Wala."

"Basi vaa wewe."

Akavaa, akavuka mstari. Sauti iliyomtoka siwezi kuiandika, ila ipo video ya sekunde tisa na aliyerekodi ni mimi. Samahani bosi. Mpaka leo akiingia benki, kuna mtu nyuma ya foleni analia mooo.

Yule mzee, Orville Tessier, ndiye akawa mteja wetu wa kwanza. Ng'ombe mia moja arobaini na tatu, na hana kingine duniani.

Agosti hiyo moto wa msituni ukaruka mto, tukaambiwa tuhame. Kampuni yetu ina watu wanne. Tulitoka ofisini na kompyuta mbili na paka wa Tamsin, mwenzetu wa kazi, basi, kwa sababu kazi yetu yote inakaa kwenye kompyuta za mbali, sio kwenye lile jengo. Saa moja baadaye tulikuwa mji wa pili, kwenye ukumbi wa ule mchezo wa kuserereshea mawe juu ya barafu, tumebanana kati ya vitanda vya waliohamishwa, tunakula sandwichi za bure na kuangalia ng'ombe wa Orville kwenye skrini kama vile hakuna kilichotokea.

Saa tisa alasiri vidoti vyote, kila kimoja ng'ombe mmoja, vikazimika. Mnara wetu wa kuwasiliana na mikanda, pale kilimani kwake, ulikuwa umeungua.

Mkanda ukikosa mawasiliano unashika amri ya mwisho. Tulijisifia hilo kwenye tovuti yetu, kwa herufi kubwa: mnara ukifa, ng'ombe hawatoroki. Sasa moto ulikuwa kilomita nne kaskazini kwao, na mstari wetu umewazibia njia ya kukimbilia kusini.

Orville akaingia, kofia inanuka moshi. Polisi walikuwa wamemgeuza kwenye kizuizi cha barabarani.

"Ndama, wafungulie."

"Mzee, siwaoni."

"Sijakuuliza kama unawaona."

Tamsin akasema taratibu, "Jaribu mnara wa jirani."

Ng'ambo ya bonde kuna mnara wetu mwingine, mbali mno kuwafikia wote. Lakini Tamsin alishatengeneza njia ya mikanda kupitishiana ujumbe, huyu anamwambia yule, kwa ajili ya dhoruba za baridi. Wiki mbili nzima nilimcheka kwenye grupu, nikaiita umbea wa ng'ombe. Akatuma. Tukasubiri. Kidoti kimoja kikawaka, mgongoni mwa kilima. Halafu sita. Halafu thelathini. Vikafika mia moja thelathini na tisa, vikagoma.

"Wanne wako wapi?" Orville akauliza.

Maren akafuta mstari wa kusini, akachora mwingine nyuma yao na kuanza kuushusha, awasukume kuelekea shamba la majani kando ya ziwa, ambalo lilikuwa linamwagiliwa maji kiangazi kizima. Vidoti vikakusanyana. Vikaanza kuzunguka palepale kama maji kwenye sinki.

"Mnafanya nini?"

"Tunawasukuma, mzee."

"Wote?" Akavuta kiti, akakaa. "Binti, nani kakwambia ng'ombe wanasukumwa wote? Hapo kila mmoja anafinywa na hajui pa kwenda."

"Basi nizime kabisa?"

"Ukizima watakimbilia msituni kwenye jiwe la chumvi wanalolamba. Ndiko moto uliko. Namba sabini na moja yuko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Kizee yule, sikio moja, adabu hana. Wengine wote wanamfuata. Nyamazisha mikanda yao, msukume yeye peke yake."

Maren akanyamazisha mia moja thelathini na nane. Akaleta mstari nyuma ya sabini na moja. Hakusogea. Dakika moja. Mbili. Ramani ya moto ikajichora upya, kilomita nne zikawa mbili na nusu.

"Kwa nini hatembei?" Maren akauliza, kidole tayari kuusogeza mstari tena.

"Anafikiria. Usimharakishe, atageuka."

Kidoti kikasogea upana wa ukucha. Kikasimama. Kikasogea tena, na nyuma yake kikafuata kingine, halafu mkia mrefu wa vidoti ukashuka kilima. Ilichukua dakika ishirini na sita. Mimi nilikuwa nimemshika paka wa watu mpaka akaning'ata.

Mia moja thelathini na tisa waliingia kwenye majani mabichi. Wale wanne walikutwa siku tatu baadaye, na sitaeleza walivyokutwa. Orville alizitaja namba zao moja moja, kisha akamwambia Maren, "Ile kanuni yenu ibadilisheni. Leo."

Tuliibadilisha kabla hatujalala, tukiwa tumekaa sakafuni ukumbini. Sasa mnara ukifa wakati moto uko karibu, mstari unajifuta wenyewe. Ile sifa kwenye tovuti tumeitoa, na Orville mikanda hajaturudishia, bado anaitumia.

Haya, zamu yenu. Kama una kampuni changa na imeshapitia siku kama hiyo, niandikie hapo chini: ni kitu gani kiliwashikilia, na kipi mlichokuwa mnajisifia kikawageuka? Usinipe toleo la kwenye tovuti.