Kinyozi wa Mlango wa Pili

Kinyozi wa mlango wa pili huchagua kinoo kama anayechagua mchumba: hulilowesha jiwe, hulipapasa kwa ukucha, hulirudisha, huomba jingine. Akinoa, wembe huteleza polepole huku akiimba chinichini, kisha huujaribu kwenye unywele wa mkono wake. Mimi, kinyozi mwenzake, humchungulia dirishani roho ikiniuma. Jana nilimkuta baba yangu mzazi kwenye kiti chake, kidevu kimejaa povu.

“Baba, umekosea mlango?”

“Nimepita tu, mwanangu,” akajibu, akamwinulia yule bwana shingo.

Wembe ulipomgusa kooni, mzee akasinzia. Mimi nikimnyoa, miaka yote hii, hung’ang’ania kiti kwa mikono miwili, macho kodo.