Benzi ya Melkior

Leonia aliingia Kigoma mwaka 1996 akiyakimbia mapigano ya Bujumbura, ndani ya Benzi nyeusi iliyoendeshwa na mumewe, Melkior. Mita ya gari ilikuwa imeshapita kilomita laki nne. Siku ya pili Melkior alipanda boti kurudi Bujumbura kumchukua mama yake.

"Itunze gari," alimwambia. "Tutarudi nayo nyumbani."

Hakuonekana tena.

Leonia alipanga chumba mtaa wa Bangwe, akawa anashona nguo. Kila Jumamosi aliiwasha Benzi na kuisikiliza akiwa amefumba macho. Siku injini ilipoanza kula maji, alimwita Mudathir, fundi wa Ujiji.

"Gasketi imekufa," Mudathir alisema. "Mama, iuze kama vipuri. Gari hii imechoka."

"Nifundishe kuitengeneza, fundi."

Waliifungua injini pamoja kwa siku mbili. Tangu hapo Leonia alibadilisha oili na plagi kwa mkono wake, na Mudathir akamfundisha kuendesha.

Mwaka 2004, wakimbizi wenzake walipoanza kurudi Burundi, naye alifunga safari. Mlima wa Kalinzi uliichemsha injini, akasimama ikapoa, akaongeza maji, akavuka mpaka.

Alipofika kwenye nyumba yao Bujumbura alipiga honi mara mbili, kama Melkior alivyokuwa akipiga akitoka kazini. Geti lilifunguliwa na mpangaji asiyemjua.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mwenye gari hii."

Mpangaji hakuwa na habari za Melkior, wala majirani. Leonia alirudi kukaa nyuma ya usukani, na injini hakuizima; alifumba macho akaisikiliza, kama Jumamosi zote.