Siku Tuliyolijaza Basi

Mpaka leo kuna wazee Nyatike watakaokuambia kwamba baba yangu ndiye aliyeliokoa basi la Macalder. Wanasema kweli. Mimi mwenyewe sikumsifu hata mara moja alipokuwa hai, na sasa amelala kaburini sioni kwa nini nianze.

Basi hilo lilitoka Macalder alfajiri, likapita kwetu, likapita Ndhiwa, likaingia Homa Bay kabla jua halijawa kali, ikiwa matope yameliruhusu. Mgodi wa Macalder ulipokuwa ukifanya kazi lilipita kila siku na hakuna aliyelishukuru. Katikati ya miaka ya sitini mgodi ukafungwa, wachimbaji wakafunga vitanda vyao kwa kamba wakaenda zao, na basi likabaki linabeba wanawake wa samaki na mbuzi wawili watatu juu ya keria. Likapunguzwa mpaka siku mbili kwa wiki. Kampuni ikasema linakunywa dizeli kuliko nauli linayoleta. Halmashauri ya wilaya, ambayo ilikuwa ikiiongezea kampuni kidogo ili isituache, ikasema hazina ni tupu, hata walimu hawajaona mshahara. Barabara nayo haikutengenezwa, kwa hiyo basi likaharibika zaidi, kwa hiyo likakawia zaidi, kwa hiyo watu wakalichoka wakaanza kwenda kwa miguu. Kisha kampuni ikatuambia: mnaona, hamlitaki.

Sasa dada yangu. Alikuwa ameolewa mbali na barabara, kule ambako hata baiskeli hubebwa begani. Alikuwa amezika watoto wawili, wote siku ile ile waliyozaliwa. Muuguzi wa hospitali ya Homa Bay alimpima mimba ya tatu ikiwa changa akamwambia waziwazi kwamba nyonga zake ni nyembamba, na kwamba akijaribu tena kuzaa nyumbani, huyu naye hatatoka mzima. Aje hospitali mwezi wake ukifika. Kumlaza mapema hawakuweza kwa sababu vitanda vilikuwa havitoshi hata wagonjwa, na Homa Bay hatukuwa na jamaa wa kumpa pa kulala. Kwa hiyo maisha ya mtoto yule yalikuwa yanategemea basi, basi bovu la siku mbili kwa wiki ambalo kampuni ilikuwa inataka kulihamishia barabara ya Kisii.

Baba alikuwa katekista, mtu wa kusimama mbele za watu. Alisimama mbele ya watu baada ya misa akasema, "Binti yangu atajifungulia Homa Bay, na atakwenda kwa basi." Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda Jumapili ile. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, na nilidhani mtu akiwa na nia njema, mengine yote hufuata.

Kondakta ndiye aliyetuuzia siri, kwa jogoo mmoja. Mkaguzi wa kampuni angekuja kutoka Kisumu bila kutangaza. Angepanda Macalder na kuhesabu watu mpaka Homa Bay. Gari likiwa limejaa tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, njia ingebaki. Likiwa tupu, safari hiyo ingekuwa ya mwisho. Siku ya mkaguzi ilikuwa Alhamisi, na kwa hesabu ya dada yangu mwenyewe, yeye angesafiri wiki inayofuata.

Basi baba akapita nyumba kwa nyumba. Wengine waliuza kuku, wengine mtama, nauli ikachangwa. Watu ambao hawakuwa na haja yoyote Homa Bay, hawana mgonjwa, hawana kesi, hawana cha kuuza, wakaandikishwa kusafiri. Jumatano mchana wakatembea naye mpaka Macalder wakalala huko, ili basi litoke kituoni likiwa limejaa na mkaguzi asione kiti kitupu hata kimoja. Baba akawapa amri mbili. Wasimwambie mkaguzi kwamba wanajuana. Na asishuke mtu njiani, hata mmoja, kwa sababu yoyote ile, mpaka Homa Bay. Atakayeshuka ndiye atakayekuwa amelifukuza basi, na ataijibu jamii nzima.

Walimtii. Watu wetu, ambao hawakuweza kukubaliana hata juu ya bomba la maji, mara hii walimtii kama jeshi.

Jioni ile ile ya Jumatano, baba akiwa ameshaondoka, dada akafika kwetu. Alikuwa ametembea tangu asubuhi na kifurushi kichwani. Alisema mgongo unamuuma na hataki kungoja wiki nyingine, angepanda la kesho. Mama akamkanda kwa maji ya moto. Hatukuwaza juu ya mkaguzi. Basi lile lilikuwa halimwachi mtu. Tulikuwa tumeona likibeba watu mlangoni, juu ya matairi ya akiba, hata juu ya keria pamoja na mbuzi. Nani angefikiri juu ya nafasi?

Alfajiri uchungu ukamshika sawasawa. Mama alituharakisha kutoka nje ya boma, na si kwa ajili ya basi tu. Kwetu binti aliyeolewa hazai katika boma la baba yake. Ni mwiko unaoleta balaa juu ya nyumba nzima. Mama alikuwa amebatizwa, anajua rozari kuliko baba, lakini mwiko ulikuwa umemfikia kabla ya rozari. Tukaenda barabarani, kwenye kibanda cha nyasi ambacho watu walikuwa wamekijenga cha kungojea basi, tukamkalisha hapo, akauma kanga yake asipige kelele.

Basi likaja. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe lilikuja kwa wakati.

Kondakta alishuka lakini hakufungua mlango wote. Alimwona dada yangu, aliona tumbo, aliona maji yamelowesha nguo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Gari imejaa, dada. Mkubwa iko ndani na leseni iko mkononi yake. Leo siwezi kuongeza hata kuku."

Nikampita nikaingia. Mkaguzi alikuwa amekaa mbele kabisa, kijana nadhifu wa tai nyembamba, penseli sikioni. Nilimweleza kwa Kiswahili changu kizuri cha shule. Nilimwambia mtoto wa tatu, nilimwambia muuguzi alivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitasema hakunisikiliza. Akasema idadi ya watu imeandikwa ubavuni mwa gari kwa rangi nyeupe na yeye hawezi kuizidisha, kazi yake ndiyo hiyo. Kisha akawageukia abiria akasema kwamba mtu yeyote akipenda kushuka na kumpisha huyu mama, yeye hana pingamizi.

Hakuna aliyesogea.

Niliwatazama. Niliwajua wote. Waliokaa viti vile walikuwa wamekula kwetu, walikuwa wamemshika dada yangu mkono wakati wa matanga ya wale wawili. Wanaume wakaangalia miguu yao. Kijana mmoja akajifanya amelala, vibaya, kope zinacheza. Nyuma huko mtu akasema mimba si ugonjwa, mwambieni abane kidogo, na wengine wakacheka, kile kicheko cha watu wanaoomba mtu mwingine aamue. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake ainuke. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyenifundisha kusuka ukili, alikuwa amekaa dirishani na mkoba wake mpya mapajani. Nilimwita kwa heshima, mama. Nilimwambia, "Mama, wewe huna safari. Shuka."

Alinijibu kwa Kijaluo, polepole, ili mkaguzi asielewe. "Mimi ningeshuka, mwanangu. Baba yako ndiye aliyetukataza. Kamuulize baba yako."

Baba alikuwa Macalder. Alikuwa amemshindilia wa mwisho ndani kwa bega lake, nafasi yake mwenyewe akampa mtu, naye akabaki kituoni akipunga kofia. Laiti angekuwa ndani angeshuka, najua. Lakini asiyekuwapo na lake halipo.

Nikashuka. Basi likaondoka, na nasema bila aibu kwamba nililiombea lipinduke na wote walio ndani.

Mama akanituma kwa mkunga. Mkunga wetu alikuwa bibi mmoja mzee, mikono yake imetoa nusu ya watu wa kata ile, nami nilikimbia mpaka kwake nikiwa sina pumzi. Mjukuu wake alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akaniambia bibi hayupo, amekwenda Homa Bay kuhesabiwa.

Alikuwa kiti cha nyuma kabisa, amefichwa na migongo ya watu, nami sikumwona. Masikio yake yalikuwa mazito na alikuwa amesinzia. Tulipokuwa tukiomba mlangoni, yeye alikuwa amelala hatua chache kutoka kwetu, anajaza kiti. Baba alimwandikisha kwa sababu alikuwa hajawahi kupanda basi, akaona amfurahishe.

Lori pekee la karibu, la mwenye duka, lilikuwa Migori linangoja gurudumu. Kumrudisha dada bomani mama alikataa, akilia, lakini alikataa. Kwa hiyo alizalia pale pale kwenye kibanda cha basi, mama na mimi tumeshika kanga kuziba upande wa barabara. Sitaeleza yote. Mtoto alitanguliza miguu. Alikuwa wa kiume, mkubwa, mzuri, na kichwa kilikawia. Muuguzi alikuwa amesema kweli tupu, na sisi tulikuwa tumemwamini, na hakuna lililosaidia. Dada alimshika mpaka akapoa. Hakulia. Aliniuliza tu kama basi limefika Homa Bay.

Baba alirudi mchana kwa miguu. Tulimsikia kabla hatujamwona, kwa kuwa alikuwa anaimba wimbo wa Pasaka wala haikuwa Pasaka. Alipofika penye kona akavua kofia akaipunga, akasema kwa sauti kwamba tumelijaza, tumelijaza mpaka kijana wa Kisumu amekosa pa kuweka mkoba wake. Mama alisogeza kanga pembeni tu, ili aone.

Jioni basi likawarudisha abiria wetu. Walikuwa wamefurahi. Walikuwa wameona ziwa, wamekula mkate, wengine wamenunua sukari. Mkaguzi alikuwa amemwambia dereva kwamba njia yenye watu namna hii haiwezi kuondolewa. Habari zetu zikawapata palepale waliposhuka, nao wakaja moja kwa moja kutoa pole, bado na vumbi la safari. Jirani yetu aliniletea nusu ya mkate wake, umefungwa kwa gazeti. Niliupokea, kwa sababu nilifundishwa kupokea, kisha nikampa mbwa mbele ya macho yake. Mkunga aliketi chini nje ya kibanda akapiga mapaja yake usiku kucha. Yeye peke yake ndiye niliyemsamehe, naye ndiye pekee ambaye hakuwa na kosa.

Shemeji alikuja akamchukua mtoto akamzike kwao. Dada hakuweza kwenda naye. Alikuwa bado anatoka damu, na joto lilimpanda mpaka akawa anaongea na wale wawili wa kwanza. Tulimlaza jikoni kwa jirani mwingine, nje ya boma letu, tukangoja siku ya basi, kwa sababu hata sasa hapakuwa na njia nyingine ila lile lile.

Likaja, limechelewa. Baba na mimi tulimbeba dada kwa blanketi. Kondakta alifungua mlango wote mara hii, akatushikia blanketi upande mmoja. Ndani hapakuwa na watu. Palikuwa na mwanamke mmoja wa dagaa na mzee amelala, na viti, viti, viti. Watu wetu walikuwa wamemaliza kuku wao na nauli zao siku ya mkaguzi. Hapakuwa na aliyebaki na senti ya kusafiria.

"Kaeni mnapotaka," alisema kondakta, kisha akatazama nje.

Tukamlaza dada kwenye kiti kirefu cha nyuma. Mimi nikakaa miguuni pake. Baba hakukaa. Alisimama katikati ya basi tupu, ameshika chuma cha juu kwa mikono miwili, likaondoka naye akiwa amesimama, likavuka matope, likaruka mashimo, yeye anayumba tu. Alikuwa mtu mzima wa mvi. Nilitaka ateseke hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari.

Dada ndiye aliyefungua macho. Alimtazama baba, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ambayo binti hutumia kumkaribisha baba yake chakula.

"Keti, baba. Leo nafasi iko."

Baba akaketi.