Mito Miwili ya Italia

Daktari amenipa miezi michache, kwa hivyo naungama: mto wangu wa kochi haukutoka Italia.

Niliununua supamaketi Westlands, karibu na rafu ya unga. Una saini ya mbunifu maarufu, na bei ya kuku mmoja.

Kina mama wa kanisa huusogeza kando kwa heshima kabla ya kukaa.

Leo Mama Mwende alikuja kuniombea. Akafungua zawadi aliyoniletea.

Mto uleule!

"Mama Njeri, binti yangu aliutuma kutoka Italia."

Ndipo akauona wangu.

Nikasema, "Kumbe Italia ni padogo hivi."

Akafumba macho haraka. "Tuombe."

Kina mama, nani mwingine ana wa Italia? Ungameni hapa chini, nisizikwe na dhambi hii peke yangu.