Kanda Niliyoibatiza Posho

Mwalimu wetu wa kompyuta ni Mkongo wa Bukavu, mpole kupita kiasi, na kwa mwanafunzi kama mimi huo ni mkosi. Mashine ya shule iliyokuwa ikihifadhi nakala za mafaili kwenye kanda ilipokufa, hakulalamika. Alichukua seva moja ya kuwekea nakala za akiba, akaipa diski kubwa, akaifundisha kudanganya: ijifanye ina draivu nne za kuendeshea kanda, na kanda kumi, wakati ukilifungua kasha lake hukuti hata moja. Programu ya nakala inaamini kabisa. Inaandika kwenye kanda, kumbe ni mafaili tu.

"Kwa hiyo, mwalimu, shule inatufunza uongo?"

"Uongo wa faida, bana. Keti, andika lebo."

Aliniachia karatasi ya majina ya kanda: S00001 mpaka S00010. Draivu nilizipanga vizuri, naapa. Lakini lebo kumi za sifuri tupu! Kanda ya kwanza nikaiita POSHO1, kwa ule ugali wetu wa kila siku, ya pili GONJA2, kwa ndizi za kuchoma, ya tatu nikaipa jina la utani la matroni. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nilikusudia kuzirekebisha kesho yake.

Kesho yake mke wa mwalimu akalazwa hospitali ya Mulago kujifungua. Mwalimu alinipa daftari mbio mbio: kila saa kumi nikitoka darasani nichungulie skrini; nakala ikiwa imeandikwa, niandike "sawa" na tarehe. Kazi ya dakika moja. Siku ya kwanza kulikuwa na mpira. Ya pili sikumbuki. Ijumaa nilikaa kwenye ngazi nikaandika "sawa" tano kwa kalamu mbili tofauti, zisionekane za siku moja. Akili hiyo ningeipeleka kwenye hesabu ningekuwa mbali.

Wikendi ile mvua ikaja na radi, seva kubwa ya shule, ile yenye mafaili yenyewe, ikaungua. Ndani yake kulikuwa na kazi za mradi za kidato cha nne chote, zile zinazoingia kwenye matokeo.

Mwalimu alirudi Jumatatu akitabasamu kwa sababu ya mtoto. "Msiogope, kanda ziko." Akafungua daftari, akasoma sawa zangu moja moja. Kisha akawasha skrini. Ilikuwa imeandika: "Inasubiri kanda S00001." Ilikuwa imesubiri wiki nzima, maana kanda ya jina hilo haikuwepo, na hakuna nakala hata moja iliyoandikwa. Akatazama orodha ya lebo. Akaona POSHO1. Nilingoja acheke. Hakunitazama hata.

Mchana aliitwa kwa mkuu wa shule. Nilijibanza chini ya dirisha.

"Nani alipaswa kukagua?"

"Mimi, mkuu."

"Na daftari?"

"Ni langu."

"Basi kesho usije."

Mtoto wake hakuwa hata na wiki. Miguu yangu ilitaka kwenda kantini, kusema kweli. Nikagonga mlango.

"Wewe tena?" mkuu akasema. "Leo umekuja kumchekesha nani?"

"Sawa zote ni zangu, mkuu. Na Posho ni mimi."

Matroni pia nilimtaja. Nilikuwa nimeshazama, nikaona nifike chini kabisa.

Mwalimu alibaki kazini, ila ufunguo wa chumba cha seva alinyang'anywa. Sasa anauomba ofisini kama mwanafunzi. Likizo yangu yote niliwachapia upya wenzangu waliokuwa bado na karatasi za kazi zao. Wasiokuwa nazo walianza upya, na mpaka leo wananisalimia kwa kidevu.

Kanda tulizitengeneza tena, mimi na yeye. Niliandika S00001. Akasimama nyuma yangu.

"Soma."

Nikasoma, sifuri kwa sifuri, naye akifuata kwa kidole kwenye karatasi, zote kumi. Zamani alikuwa ananiachia karatasi na kwenda kunywa chai.