Siagi Ndani ya Beberu

Kiwandani wanamwita Mama Pua, naye huitika. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkavu wa mwili, na kwa muda mrefu hajajipaka manukato siku ya kazi. Kazi yake ni kuonja bia. Akiwaeleza wageni hivyo, wao hucheka na kuuliza kama nafasi bado ipo. Naye huwajibu kwamba ipo, ila waache kwanza sigara, pilipili na uongo.

Chumba cha kuonjea kiko nyuma ya maabara. Meza yake ndefu imegawanywa kwa mbao ili mwonjaji asimwone jirani, na juu ya kila kiti kuna taa nyekundu, kwa sababu rangi ya bia humdanganya mtu kabla bia yenyewe haijafika mdomoni. Sheria kubwa ni moja: hakuna kutamka neno mpaka kila mtu awe ameandika alichokionja. Hata kuguna ni kosa. Mmoja akisema "ndizi", wenzake wote watasikia ndizi, hata kama glasi inanuka kamba ya katani.

Mwaka uliopita mafua makali yalimnyang'anya pua. Aligundua siku maziwa yalipoungua jikoni naye amekaa kando ya jiko, anachambua mboga, hana habari. Majirani ndio waliokuja mbio. Tangu hapo, kila asubuhi alifungua vichupa vyake, karafuu, limau, kahawa na sabuni ya kufulia, akavinusa kimoja kimoja kama mtoto anayefundishwa kusoma. Mumewe, fundi viatu, alikuwa akimtazama mlangoni. Jioni moja aliingia ndani, na kabla hajakaa mkewe akamwambia, "Baba, hivyo viatu viache nje, vinanuka."

Mzee wa watu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Sema tena, mama watoto. Vinanukaje?"

"Kama panya aliyekufa kwenye gundi."

Aliporudi kazini, meneja wa uzalishaji alimpokea kwa upole uliompa wasiwasi. "Mama, tumekutafutia nafasi stoo ya chupa. Huko hakuna presha, utapumzika."

"Nimepumzika vya kutosha. Na chupa tupu hazina haja na mimi."

Wakafikia mapatano. Angeketi kwenye jopo siku ya kuonja bia mpya. Majibu yake yakiendana na ya wenzake, kiti ni chake. Yakienda kombo, ataenda stoo bila maneno.

Bia yenyewe ilikuwa laga kali, ya rangi angavu, ya mtindo wa zamani wa Kijerumani. Kwa kuwa kwenye lebo yake palichorwa mbuzi dume mwenye pembe, wafanyakazi waliibatiza Beberu. Beberu anayestahili jina hilo huwa na rangi ya dhahabu na povu jeupe linalosimama. Hunukia mkate uliookwa vizuri. Utamu wa kimea hutangulia, halafu uchungu wa maua ya hopsi huja kuufagia, na kileo hupasha kifua joto bila kuunguza koo. Haitaki haraka. Chachu inapofanya kazi huacha nyuma harufu ya siagi, kisha hurudi yenyewe kuila. Ukiipoza kabla haijamaliza, siagi hubaki.

Siku ya kuonja, waonjaji sita waliketi kila mmoja kwenye kizimba chake. Mmoja wao alikuwa mpika bia mwenyewe, mtu aliyeihangaikia ile Beberu kuliko alivyowahi kuhangaikia afya yake. Aliinua glasi, akanusa, na furaha ikamshinda. "Aah! Huo mkate! Umetoka tanurini sasa hivi!"

Hakuna aliyemkemea. Nani amkemee baba siku ya ubatizo wa mwanawe?

Mama Pua alikuwa amekwisha kusikia siagi. Lakini neno lile lilipopita juu ya mbao, mkate nao ukajitokeza, wa moto kabisa, na siagi ikawa kama imepakwa juu yake, mahali pake halali. Alijua kuandika "mkate" kungemrudishia kiti chake. Akaweka glasi chini. Akanusa kiwiko chake mwenyewe, kama waonjaji wafanyavyo pua ikichoka, akangoja, kisha akairudia. Siagi ilikuwa palepale, nzito, ikiteleza juu ya ulimi. Akaandika: Siagi. Bia isitoke kiwandani.

Meneja alisoma majibu kwa sauti. Mkate, mkate, mkate, mkate, mkate. Alipofika la mwisho alivua miwani.

"Mama, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana nionje. Nimeonja."

"Watu watano wamesema mkate."

"Mtu mmoja amesema mkate. Wanne wameitikia."

Mpika bia alisimama. "Yaani bia yangu ina siagi? Dada yangu, nimelala na yale matangi kuliko nilivyolala na mke wangu!"

"Ndiyo maana huyasikii tena. Hata shemeji sasa hivi humsikii akikuita."

Mtu alicheka upande wa pili wa mbao. Meneja hakucheka. "Mama, usifanye mchezo. Mabango yameshabandikwa mjini kote."

"Basi yabanduliwe. Rudieni kuonja, watu wafunge midomo. Nikikosea, nitazibeba hizo chupa za stoo kichwani."

Mpika bia ndiye aliyekubali, kwa hasira. Msichana wa maabara akamwekea kila mmoja glasi tatu zilizofunikwa. Mbili zilitoka kwenye tangi lile, moja kwenye tangi dogo la majaribio ambalo lilikuwa limeachwa likamaliza kazi yake. Kila mwonjaji alitakiwa kutaja glasi iliyo tofauti, na aseme kwa nini. Safari hii kilichosikika ni vifuniko tu, na koo zikimeza.

Mama Pua aliipata. Wengine wawili pia waliipata, na kwenye zile mbili zilizobaki wakaandika siagi. Wawili walibahatisha, wakakosa. Mpika bia naye alikosa.

Alikaa akiziangalia glasi zake. "Mimi sikuona tofauti yoyote," alisema. Sauti haikuwa ya mtu anayebisha. Msichana wa maabara akamweleza kwamba wapo watu ambao pua zao haziikamati siagi kabisa, kama wengine wasivyoona rangi. Mpika bia alikuna kidevu. "Miaka yote hii nilidhani wenzangu wanatia chumvi." Kisha akamgeukia meneja. "Haitoki. Nitalipasha tangi joto kidogo, chachu imalize kula, ndipo tuipoze upya."

"Na mabango?"

"Mbuzi atasubiri. Ana pembe, hawezi kuibwa."

Beberu iliporudi mezani, hali ilikuwa imebadilika. Meneja alimletea Mama Pua glasi kwa mkono wake mwenyewe. Waonjaji walikohoa kohoa, wakasubiri. Alichukua muda wake. Kalamu zilipokwisha kuwekwa chini, wenzake walikuwa wametoa alama tisa juu ya kumi, wengine kumi kamili. Yeye alitoa saba. Siagi imekwisha, aliandika, povu zuri, mkate upo. Uchungu umechoka njiani. Utamu unabaki mdomoni peke yake.

"Saba?" Meneja alikuwa kama mtu aliyerudishiwa zawadi. "Mama, tumekusikiliza, tumechelewesha bia, tumekuachia kiti, halafu saba?"

"Mlinisikiliza kwa habari ya siku ile. Leo mmeniuliza habari ya leo."

"Huna shukrani."

"Ninayo. Lakini sikuletwa hapa kuonja shukrani."

Meneja alitoka akitikisa kichwa. Saba ilitosha kuiruhusu bia kwenda sokoni, kwa hiyo hakuwa na la kubisha, na habari ya stoo hakuigusa. Mpika bia alibaki. Alivuta kiti mpaka upande wa pili wa kizimba, akamimina kilichobaki kwenye glasi mbili, akamsukumia moja.

"Uchungu umechoka wapi hasa? Mwanzoni, au unapomeza?"

"Ninapomeza. Unafika mlangoni, haubishi hodi."

Mpika bia alionja, akafumba macho, akaonja tena. "Hapo nakusikia." Akafikiri kidogo. "Saba na nusu, basi, dada yangu."

"Saba."